Fahamu Stima ya Fezi Tatu Kabla Mota Yako Haijaungua

Ndugu mkulima, ukitaka kuweka mota kubwa ya kusaga mahindi, ya kukata majani ya ng'ombe, au ya kupandisha maji kutoka mtoni, fundi atakuuliza swali moja: wataka stima ya fezi moja au ya fezi tatu? Wengi hujibu "tatu" upesi, maana tatu ni nyingi kuliko moja. Huenda jibu hilo ni sawa. Lakini anayejibu bila kuelewa ndiye ambaye miezi sita baadaye hupeleka mota mjini ikafungwe waya upya, na gharama yake si ndogo. Kwa hiyo mwezi huu twataka kueleza jambo hili pole pole. Hesabu zake si ngumu. Mtu aliyezoea kupima maziwa na kugawanya faida ya chama ataziweza.

Kwanza tukumbushane maneno matatu. Volti ni msukumo wa umeme. Ampea ni wingi wa umeme unaopita katika waya. Wati ni nguvu ya kazi, na wati 1,000 ni kilowati moja. Fikiri tangi la maji lililowekwa juu ya kilima: urefu wa kilima ndio volti, na maji yanayopita katika bomba ndiyo ampea. Gurudumu linalozungushwa na maji hayo chini hupata nguvu kutokana na vyote viwili pamoja. Kilima kirefu chenye bomba lisilotoa maji hakifanyi kazi yoyote, na maji mengi yasiyo na msukumo hayafanyi kazi kubwa.

WATWANGAJI WATATU

Sasa, fezi ni nini? Umeme unaoletwa na nguzo haukai mahali pamoja. Msukumo wake hupanda, hushuka, hugeuka upande wa pili, kisha hurudi, na hufanya hivyo mara 50 kila sekunde. Stima ya fezi moja ni kama mtu mmoja anayetwanga kinu: mchi ukiwa juu, kinu hakipigwi. Kwa taa na redio hakuna ubaya, kwa kuwa jambo hilo latendeka upesi mno hata jicho halioni. Mota ndogo pia huvumilia.

Umepata kuona watu watatu wakitwanga kinu kimoja. Mchi wa kwanza ukigonga, wa pili unashuka na wa tatu unapanda. Hawagongani, wala kinu hakipumziki hata kidogo. Hiyo ndiyo stima ya fezi tatu: waya tatu, kila moja na msukumo wake, zikifuatana kwa zamu. Kwa sababu hiyo mota ya fezi tatu huvutwa sawasawa wakati wote, haitikisiki sana, na huanza kuzunguka yenyewe bila kapasita wala kifaa kingine cha kuisukuma.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1891 umeme wa fezi tatu ulisafirishwa kilomita 175 katika Ujerumani, kutoka mji wa Lauffen mpaka maonyesho ya Frankfurt, na huko ukawasha taa na kuendesha pampu ya maji. Tangu hapo nchi nyingi zimefuata njia hiyo.

Katika Kenya, ukipima kati ya waya moja ya fezi na waya ya nyutro utapata volti kama 240. Ukipima kati ya fezi na fezi utapata volti kama 415. Hapo wengi hushangaa: kwa nini zisiwe 480, yaani 240 mara mbili? Kumbuka wale watwangaji. Mchi wa kwanza ukiwa juu kabisa, wa pili hauko chini kabisa, uko njiani. Tofauti kati yao haifiki mara mbili, ni mara 1.73 tu. Chukua 240, zidisha kwa 1.73, nawe utapata 415.

HESABU YA MOTA

Mota yo yote nzuri ina kibati kilichopigwa chapa. Usikipake rangi. Tuseme mota ya kusagia mahindi ina kibati kinachosema: kilowati 7.5, volti 415, ampea 14, mara 50 kwa sekunde, na mwisho kuna namba ndogo 0.85 karibu na neno "cos". Kilowati 7.5 ni nguvu za farasi 10, nazo ni nguvu zinazotoka katika mota kwenda kwenye kinu. Nguvu zinazoingia ni zaidi kidogo, maana nyingine hupotea kuwa joto.

Hiyo 0.85 huwasumbua watu, lakini mkulima wa jembe la ng'ombe aijua bila kuambiwa. Ng'ombe wakivuta mbele sawasawa, nguvu zao zote huenda kwenye mtaro. Wakivuta kwa upande, mnyororo umekaza vile vile na jasho lawatoka vile vile, lakini sehemu ya mvuto hupotea kando. Mota nayo huvuta umeme kwa upande kidogo. Katika kila 100 zinazopita katika waya, 85 ndizo zinazofanya kazi.

Basi, kujua nguvu zinazoingia: volti 415, mara 1.73, mara ampea 14, mara 0.85. Jibu ni wati kama 8,550, yaani karibu kilowati 8.6. Ukiendesha mota hiyo kwa mzigo kamili muda wa saa tano, mita itasoma yuniti 43 hivi.

Kama ungetaka nguvu hizo hizo katika stima ya fezi moja ya volti 240, ingehitajika ampea 42 katika waya. Katika fezi tatu ni 14 tu kila waya. Hapa ndipo ilipo faida yenyewe. Ampea zikiwa chache, waya hazihitaji kuwa nene sana, swichi hazichomeki, na taa za jirani hazififii kila ukiwasha mashine. Lakini usidanganywe na anayesema kwamba fezi tatu hupunguza yuniti unazotumia. Mita huhesabu kazi iliyofanywa. Gunia likisagwa limesagwa, na kazi yake ni ile ile. Kwa sababu hiyo mwenye taa, redio na mota ndogo ya kukata majani hana haja ya kuingia gharama ya fezi tatu.

Kuna ampea za namna nyingine zisizoandikwa vizuri kwenye kibati, nazo ni za kuanzia. Mota inapowashwa moja kwa moja, kwa muda mfupi huvuta mara tano mpaka saba ya ampea zake za kawaida. Ile yetu ya 14 yaweza kuvuta 84. Ndiyo sababu mafundi huweka swichi ya nyota na pembetatu, ambayo hupunguza mvuto huo wa kwanza ukawa theluthi moja, kama ampea 28. Lakini nguvu za kuanzia hupungua zikawa theluthi moja vile vile, kwa hiyo usiwashe mashine ikiwa kinu kimejaa mahindi. Iache ianze tupu, kisha ulishe.

FEZI MOJA IKIPOTEA

Sasa twafika kwenye jambo linaloua mota nyingi kuliko yote tuliyotaja. Waya moja kati ya tatu hukatika. Labda tawi limeangukia waya, labda fyuzi moja kwenye transfoma imeungua, labda skrubu imelegea, au mjusi ameingia ndani ya swichi akafia hapo. Watwangaji wamebaki wawili.

Mota iliyokuwa inazunguka haisimami. Hiyo ndiyo hatari yake. Yaendelea kuzunguka, unga waendelea kutoka, na mwenye mashine hana habari. Lakini kazi ya watatu sasa yafanywa na waya mbili, na ampea zake hupanda kutoka 14 mpaka 24 au zaidi. Joto halifuati ampea moja kwa moja. Ampea zikiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Hapa ampea zimekuwa mara 1.73, basi joto ndani ya waya limekuwa mara tatu. Baada ya dakika chache utasikia harufu ya vanishi inayoungua, na ukiisikia umekwisha chelewa.

Mota ikiwa imesimama, dalili ni nyingine: ukiiwasha hunguruma kwa sauti nzito wala haizunguki. Zima mara moja. Usiisaidie kwa kuvuta mkanda kwa mkono, maana yaweza kuzunguka kweli, ikakukata vidole kwanza na kuungua baadaye.

Mtu atasema, "Lakini nina fyuzi." Fyuzi huchaguliwa iweze kuvumilia ampea za kuanzia, kwa hiyo ampea 24 haizijali. Kinga ya kweli ni rilei ya kulinda mota, ile yenye kitufe kidogo cha kugeuza, ambayo hukata umeme mota ikivuta kupita kiasi. Igeuzwe kwenye ampea zilizoandikwa kwenye kibati, na katika mfano wetu ni 14.

Twasikitika kusema kwamba rilei nyingi zimegeuzwa vibaya, tena kwa kusudi. Mashine yasimama kila mara siku ya soko, wateja wana foleni na debe zao, mwenye mashine akasirika, na mtu fulani mwenye bisibisi aigeuza rilei mpaka 25. Kusimama kwaisha, na watu wote wafurahi. Lakini rilei ile ilikuwa ikisema kweli. Huenda fezi moja ilikuwa dhaifu, au mkanda umekazwa mno, au beringi imekufa. Ikiwa rilei yako hukata mara kwa mara, tafuta kinachoikatisha, nayo uiache mahali pake. Pia kuna rilei ya kuchunga fezi, ambayo hutazama zile waya tatu na kukata umeme moja ikipotea au volti zikiachana sana. Bei yake ni ndogo ukiilinganisha na ya kufunga mota upya, na kwa maoni yetu mota yo yote ya kusaga au ya kuvuta maji yastahili kuwa nayo.

Mwambie fundi wako apime volti kati ya waya ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya tatu na ya kwanza, mota ikiwa inafanya kazi. Namba tatu zikiwa 412, 415 na 410, hakuna neno. Zikiwa 415, 410 na 380, simamisha mashine na upige ripoti kwa kampuni ya stima. Tofauti ndogo ya volti huleta tofauti kubwa sana ya ampea. Kazi hii ya kupima ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, si ya kijana wa kulisha mahindi. Volti 415 haziulizi umri.

Na rangi za waya zisikudanganye. Katika mtindo wa zamani fezi zilikuwa nyekundu, manjano na buluu, na nyutro ilikuwa nyeusi. Katika mtindo mpya fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni buluu. Kwa hiyo nyeusi iliyokuwa nyutro sasa yaweza kuwa fezi. Mahali palipounganishwa ya zamani na mpya, lazima kupima.

Nyutro yenyewe yahitaji neno moja. Ikiwa taa za nyumba na za mashine zimegawanywa kwenye fezi zote tatu, nyutro ndiyo inayoshikilia kila moja kwenye volti 240. Ikikatika, taa nyingine zitafifia na nyingine zitawaka kupita kiasi, na televisheni na friji zaweza kuungua zote kwa jioni moja. Ukiona hivyo zima swichi kuu kabla ya jambo lingine lo lote.

PAMPU YA MTONI

Wakulima wa mboga hupenda kuweka mita karibu na barabara na pampu mtoni, labda meta 400 mbali. Mota ile ile ya ampea 14 ikipelekewa umeme kwa waya ya shaba ya milimita 4 za mraba, karibu volti 38 zitapotea njiani, na mtoni zitafika 377 tu. Mota iliyo na mzigo wake haikubali kupunguziwa. Volti zikipungua huvuta ampea zaidi ifanye kazi ile ile, nayo hupata joto. Waya ya milimita 10 za mraba hupoteza kama volti 15 tu. Ni ghali zaidi siku ya kununua, lakini ile nyembamba utailipia kila mwezi katika yuniti zinazopasha udongo joto.

Tena kuna jambo moja la pampu ambalo hutatiza hata watu wenye uzoefu. Ukibadilishana waya mbili zo zote kati ya tatu, zamu ya watwangaji hugeuka, na mota huzunguka kinyume. Fundi hutumia njia hiyo kwa kusudi akitaka kugeuza mota. Lakini yaweza kutokea bila wewe kujua, baada ya transfoma kubadilishwa au waya za nguzo kutengenezwa. Pampu inayozunguka kinyume huendelea kutoa maji, ila machache na bila nguvu, na mwenye shamba hudhani kisima kinakauka. Maji yakipungua ghafula baada ya stima kurudi, tazama kwanza mshale uliochorwa kwenye pampu, uone kama mota inaufuata.