Sauti ya kompyuta ina ubaya gani?

Swali: Video nyingi ninazotazama mtandaoni siku hizi zinasomwa na kompyuta. Kuna ubaya gani, ikiwa maneno yanasikika vizuri?

Jibu: Ubaya hauko kwenye sauti yenyewe. Tangu kampuni ya DeepMind ilipotoa WaveNet, mfumo wa kuunda sauti kwa kompyuta, mwaka 2016, sauti za mashine zimelainika mno, na Kiswahili nacho kina zake: Microsoft ina Zuri na Rafiki kwa Kenya, Rehema na Daudi kwa Tanzania. Kinachopotea ni mtu wa kuulizwa. Msimulizi anayeijua kazi yake huisoma hati kwanza. Akikuta tarehe isiyoingia akilini, husimama na kumrudishia mwandishi. Mashine husoma uongo na ukweli kwa utulivu uleule. Ndiyo maana wanaotoa video kwa mkupuo wanaipenda: hati ambayo hakuna binadamu aliyeipitia humfikia msikilizaji kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Utaniambia kuhusu gharama, kwamba mwalimu wa kijijini hana studio. Ni kweli, na wapo wasioweza kusema kabisa. Mwanafizikia Stephen Hawking alipoteza sauti mwaka 1985, akazungumza kwa kompyuta hadi alipofariki mwaka 2018; hilo halikumpotosha msikilizaji, kwa kuwa maneno yalikuwa yake na aliyajibia mwenyewe. Basi mwalimu naye aitumie, mradi aisikilize video yote kabla ya kuipandisha, aweke jina lake na aseme wazi kwamba sauti ni ya mashine. Lakini video ya dawa au ya fedha isiyo na jina la mtu yeyote, usiifuate, hata isomwe kwa sauti tamu namna gani.