Sumu Imefikaje Mlimani?

Juu kule hakuna kiwanda wala shamba. Uchafu unatoka wapi?

Unatoka bondeni, na mara nyingi nchi za mbali. Upepo hubeba masizi ya kuni na dizeli, zebaki, chembe za plastiki na mvuke wa viuatilifu. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba Bernadouze, katika milima ya Pyrenees upande wa Ufaransa, iliangukiwa kwa wastani na chembe 365 za plastiki kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kwenye Everest, theluji iliyochotwa mita 8,440 ilikutwa na nyuzi za plastiki, ingawa huko wapanda mlima wenyewe, na mavazi na mahema yao, hawakwepi lawama.

Kwa nini sumu izidi juu kuliko chini?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kiuatilifu cha DDT na kemikali za ukoo wake hazitulii. Siku ya joto huinuka udongoni kama mvuke. Zikikuta baridi hutua kwenye theluji, majani na mawe, kama jasho linavyotokea nje ya glasi ya maji baridi. Jua likiwaka huinuka tena na kusogea mbele. Zikifika penye baridi ya kudumu, safari imekwisha. Isitoshe, theluji nyingi ya milimani huzifagia kutoka hewani. Vipimo vya theluji magharibi mwa Kanada, vilivyochapishwa 1998, vilionyesha baadhi ya kemikali hizi zikiongezeka mara 10 hadi 100 kutoka mita 770 hadi 3,100. Zilizoongezeka zaidi ni zile zinazogeuka mvuke kwa urahisi.

DDT si ilipigwa marufuku?

Mashambani, ndiyo. Mkataba wa Stockholm wa 2001 umeiachia kazi moja tu, kupambana na wadudu waenezao magonjwa, hasa mbu wa malaria. Lakini barafu haijui marufuku. Katika ziwa Oberaar, Uswisi, matabaka ya tope yanaonyesha kemikali hizi zikijaa miaka ya 1960 na 1970, zikapungua, kisha zikaongezeka tena tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, barafu ilipozidi kuyeyuka na kuachia ilichokuwa imeficha.

Maji ya mlimani yananyweka?

Kemikali hizi haziyeyuki vizuri majini. Hujikusanya kwenye mafuta ya samaki, hasa wakongwe wanaokula wenzao. Maji ya mto yachemshwe hata hivyo, kwa sababu ya vijidudu. Kuchemsha hakuondoi DDT.

Afrika Mashariki kuna anayepima hewa ya milimani?

Wapo. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ina kituo Mlima Kenya, mita 3,678, chini ya mpango wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Kile cha Mlima Mugogo, Rwanda, mita 2,590, kimeonyesha masizi yakipanda misimu ya kiangazi, moshi wa mioto ya nyika unapopeperushwa kutoka kusini na kaskazini mwa bara.