SOMO: SPEA NA MTAMBO WAKE

Kompaila ni programu inayogeuza maandishi ya mtaalamu yawe amri za kompyuta. Kompaila ya GCC, tangu toleo la 4.5 la mwaka 2010, hukubali kuongezewa kipande kiitwacho plagini, kwa mfano cha kukagua makosa. Tuifikirie kama spea: isipotoshea, mtambo haufanyi kazi.

Kwanza, tuitengeneze kwa toleo lile lile la kompaila itakayoibeba.

Pili, kila mfumo una desturi yake. Plagini huazima majina ya kazi kutoka ndani ya kompaila. Linux huyatafuta majina hayo wakati wa kuipakia. Faili lake huishia na.so. Katika macOS ni lazima tuseme wazi kwamba majina yatapatikana baadaye. Windows haikubali deni hilo: kila jina lijulikane wakati wa kuunganisha, na faili ni .dll. Kwa hiyo tusibebe faili lililokwisha tengenezwa. Tubebe maandishi yake, tukalitengeneze upya huko tuendako.

Tatu, plagini itamke ndani yake kwamba leseni yake inapatana na GPL. Bila tamko hilo GCC hugoma. Shabaha ni kazi ya wengi isifungiwe katika kipande cha siri.

Kuiendesha, tunaandika -fplugin= na mahali faili lilipo.

Tunajua wenyewe: fundi akiondoka na maarifa kichwani, mtambo husimama. Basi tuandike kila hatua, ili mwenzetu aendeleze kazi.