Kuvuka Tunduma kwa Bajeti ya Mwanafunzi: Kwenda Lusaka na Kurudi Salama

Kijitabu hiki ni cha wanafunzi wanaosoma Mbeya, Songwe, Dar es Salaam na kwingineko nchini, wakiwemo waliokuja kwa programu za kubadilishana wanafunzi na vyuo vya nje, ambao likizo fupi ikifika huchangishana na kwenda kuiona Lusaka. Safari hiyo tunaiunga mkono kwa moyo wote. Kijana aliyekaa siku chache katika mji wa jirani hurudi na mambo ambayo hakuna mhadhara unaoweza kumpa. Lakini safari ya bei nafuu mara nyingi haiharibikii Lusaka. Inaharibikia Tunduma, katika ile saa ya kwanza ya mpakani, na gharama yake inalipwa siku zote zinazobaki. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kurasa hizi inahusu mwendo mfupi tu, ule wa kutoka Tunduma hadi Nakonde, upande wa Zambia.

Kabla ya kufunga begi

Mtanzania haombi viza kuingia Zambia, ila anahitaji pasipoti iliyo hai. Kitambulisho cha taifa na cha chuo havitoshi. Mtawaona wakazi wa Tunduma wakivuka kwenda sokoni Nakonde na kurudi kabla ya chakula cha mchana, msiwaige. Wao wana utaratibu wa watu wa mpakani, ambao haumfikishi mtu Lusaka. Pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa mwaka 2018, ada yake ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Ni fedha nyingi kwa anayesubiri mkopo, kwa hiyo anza mapema, na usikubali kundi likuambie kwamba "mpakani tutaongea".

Kwa mwanafunzi mgeni, ugumu uko kwenye kurudi. Tangu mwaka 2022 Zambia imeondoa viza kwa raia wa nchi nyingi, zikiwemo za Umoja wa Ulaya, hivyo huenda ukapita Nakonde kwa urahisi. Lakini kama uliingia Tanzania kwa viza ya kuingia mara moja, ukigongewa muhuri wa kutoka viza hiyo imekwisha, hata kama tarehe yake bado. Utarudi Tunduma ukiwa mtu anayeanza upya, na ada ya viza ya kawaida ni dola 50. Mwenye kibali cha ukaazi daraja C, ambacho wanafunzi hupewa, ana nafuu kubwa. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni kwako wiki kadhaa kabla ya safari, waonyeshe ukurasa wenye viza au kibali, na uulize swali moja: nikitoka, nitarudi kwa hati ipi?

Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Maafisa wa afya wa mpakani wana haki ya kuiomba, na kuitafuta ukiwa tayari kwenye foleni ni usumbufu na gharama. Na kama mnasafiri Juni au Julai, chukueni sweta. Baridi ya Mbozi na Tunduma asubuhi si ya mchezo.

Muhuri

Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa rasmi Oktoba 2019 na Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu. Utaratibu wake huwachanganya wengi. Unapotoka Tanzania hugongi muhuri upande wa Tunduma. Unavuka hadi jengo la Nakonde, na humo unawakuta maafisa wa nchi zote mbili: wa Tanzania anakugongea wa kutoka, wa Zambia anakugongea wa kuingia. Kurudi ni kinyume chake. Yote mawili yanafanyika Tunduma. Kwa hiyo mtu akikufuata barabarani akadai umepita ofisi bila kugonga, na kwamba yeye atakurudisha kwa "wakubwa" kwa malipo kidogo, ujue huyo ni kishoka. Uhamiaji hawatumi watu barabarani kukusanya pasipoti. Pasipoti yako haishikwi na mpiga debe, wala dereva wa bajaji, wala rafiki wa rafiki aliyesema anamjua afisa.

Kabla hujaondoka dirishani, fungua ukurasa uliogongwa, usome. Angalia tarehe. Angalia idadi ya siku ulizoandikiwa, kwa sababu huandikwa kwa kalamu, na afisa anaweza kukupa siku chache kuliko ulivyodhani. Hesabu mihuri: miwili, wa kutoka na wa kuingia. Ukikuta mmoja, rudi dirishani hapo hapo, kwa upole. Kosa hilo likigunduliwa kwenye kizuizi cha barabarani, mbali na mpaka, si jambo la dakika mbili tena.

Njia za panya zipo. Mji huu umeshikana na wa ng'ambo kiasi kwamba kuna mahali ua wa nyumba ndio mpaka, na Wanyamwanga wako pande zote mbili, wakioana na kuzikana. Kijana wa bodaboda atakwambia anakuvusha kwa buku mbili na hakuna foleni. Tunawaomba kwa dhati: msikubali. Njia hizo hizo hutumiwa na wasafirishaji haramu wa binadamu wanaowapeleka vijana wa Ethiopia kuelekea Afrika Kusini. Desemba 2022 miili ya wanaume 27 walioaminika kuwa Waethiopia ilikutwa imetupwa pembezoni mwa Lusaka. Polisi wa barabara ya kwenda Lusaka wana sababu ya kuwa wakali kwa kijana asiye na muhuri, na hawatajua kwamba wewe ulikuwa unakwepa foleni tu.

Fedha

Ukishuka Tunduma utafuatwa na wabadilisha fedha wenye mabunda mkononi, na bei yao huonekana nzuri kuliko ya duka la kubadilishia fedha. Tazameni mikono yao. Anahesabu kwacha mbele yako, zinatimia. Anakukabidhi, unahesabu, zinatimia. Kisha anasema, "Lete kidogo, nadhani nimezidisha," anazipokea, anazikunja katikati na kukurudishia. Safari hii huhesabu, maana umeshahesabu. Noti zilizokunjwa katikati huhesabika mara mbili, na zile za ndani zimebaki kiganjani mwake. Badilisheni kwenye benki au duka lenye leseni, mpewe risiti, na noti zikishatoka kiganjani mwenu zisirudi kwa mtu yeyote.

Kuna jingine. Machi 2025 Benki Kuu ya Zambia ilitoa noti mpya, zikiwemo za kwacha 200 na 500, na noti za zamani zikapewa mwaka mmoja wa kutumika sambamba nazo, hadi Machi 31, 2026. Mgeni ndiye anayesukumiwa noti zilizopitwa na wakati. Kabla ya kubadilisha, tazameni picha za noti mpya kwenye tovuti ya benki hiyo, mzizoee.

Katika kundi, chagueni mtunza hazina mmoja na mweke mchango wa pamoja wa nauli, malazi na chakula, kila mtu abaki na fedha yake ya mfukoni. Na semeni mapema, kwa uwazi, nani ana kiasi gani. Urafiki mwingi huvunjika kwa sababu mmoja aliona aibu kusema kwamba hoteli iliyochaguliwa inamshinda.

Usafiri na saa

Kutoka Nakonde hadi Lusaka ni takriban kilomita 1,000 kwa barabara, kupitia Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi na Kabwe. Mwaka 2016 Zambia iliweka kanuni ya kuzuia mabasi ya abiria kusafiri kati ya saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri; basi ulizeni kabla ya kukata tiketi kama basi litalala njiani, na bajeti ya usiku huo iwepo. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, ndiyo safari tunayoipenda zaidi kwa mandhari na nauli, lakini haifiki Lusaka. Inaishia Kapiri Mposhi, na kutoka hapo ni basi kwa kilomita kama 200. Ratiba yake imeyumba miaka ya karibuni, na mwaka 2025 mkataba wa kuikarabati ulisainiwa na kampuni ya China. Ulizeni stesheni wiki hiyo hiyo ya safari.

Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Tiketi ya Nakonde ikiandika 06:00, ni saa kumi na mbili kwao na saa moja asubuhi kwa saa ya Tunduma. Karibu na mpaka simu hudaka minara ya nchi zote mbili, na saa yake hurukaruka. Zimeni upangaji wa saa wa moja kwa moja, wekeni wenyewe. Mkifika jioni, laleni gesti Tunduma na mvuke asubuhi. Stendi si mahali pa kulala.

Lusaka

Stendi kuu ya mabasi ya mikoani iko Barabara ya Dedan Kimathi, jina la mpigania uhuru wa Kenya, na pale mnahitaji macho manne kwa mizigo. Kaeni karibu na njia za mabasi madogo. Mengi ya kuona ni ya bei ndogo: Makumbusho ya Taifa, Sanamu ya Uhuru, na nyumba namba 394 ya Chilenje alimoishi Kenneth Kaunda mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla ya Zambia kupata uhuru mwaka 1964. Chakula hakitawapiga chenga: nshima ni ugali, kapenta ni ndugu wa dagaa, na vitumbuwa mtavitambua kwa jina. Mkisalimiwa "Muli bwanji?", jibuni "Bwino".

Kurudi

Tumieni kwacha zote au mzibadilishe. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza bidhaa na huduma nchini Tanzania kulipiwa kwa fedha za kigeni. Mifuko ya plastiki iachwe ng'ambo, imepigwa marufuku huku tangu Juni 1, 2019. Mzigo wa mtu mwingine usibebwe, hata wa mama mnayemwona ni mtu mzima na mpole.

Pasipoti ikipotea, nendeni kituo cha polisi kilicho karibu mpate taarifa ya upotevu kwa maandishi, kisha Ubalozi wa Tanzania mjini Lusaka, ambao unaweza kutoa hati ya dharura ya safari. Mwanafunzi mgeni aende ubalozi wa nchi yake, na akipigie simu chuo siku hiyo hiyo, kwa sababu kibali chake cha Tanzania kinahitaji kuthibitishwa kabla hajafika mpakani. Kila mmoja awe na picha za pasipoti na kibali chake kwenye simu ya mwenzake, maana pasipoti na simu huibwa pamoja, katika begi moja.