Ukitoka Eldoret kwenda kupiga mbizi, anza kuhesabu siku ya kurudi

Kijana aliyekuwa ananivalisha mtungi kule Watamu aliniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Dada, unarudi lini?" Nikamwambia kesho jioni, na basi. "Kwenda wapi?" Eldoret. "Eldoret iko juu kiasi gani?" Hapo nikajivuna kidogo, maana sisi wa Uasin Gishu tunapenda kutaja kimo chetu kana kwamba tulikijenga wenyewe. Mita 2,100, nikasema. Akanyamaza, akakaza mkanda begani mwangu, kisha akasema, "Basi leo utashuka mara mbili, masikio yakikubali. Kesho huingii majini."

Nilikuwa nimelipia mbizi tatu. Nilinuna hadi mashua ikatia nanga. Leo, baada ya kurudi pwani Desemba nne mfululizo, ushauri wa kwanza ninaompa mwenzangu yeyote wa huku juu ni huohuo: chukua kalenda, weka alama siku ya kurudi, kisha hesabu kinyumenyume.

Sababu yake ni hii. Kila mita 10 unazoshuka baharini zinakuongezea mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu tukiwa ufukweni. Ukiwa chini na unavuta hewa ya mtungi, naitrojeni iliyomo inaingia kwenye damu na nyama za mwili kuliko kawaida. Ukipanda polepole inatoka kidogo kidogo, na huhisi chochote. Lakini inayobaki huchukua saa nyingi kuisha. Ukikimbilia mahali palipo juu kabla haijaisha, inafanya kama gesi kwenye soda uliyoifungua kwa pupa. Mapovu hayo ndiyo huleta maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, na wengine hupooza.

Mwongozo wanaoufuata wazamiaji wengi unasema usubiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege kama umepiga mbizi moja, na saa 18 kama umepiga kadhaa au kwa siku kadhaa. Mimi nasubiri saa 24 na silali macho nikiwaza. Siku ile nilijitetea kwamba mimi sipandi ndege, napanda basi. Kumbe nilikuwa najimaliza. Hewa ndani ya ndege ya abiria hushikiliwa isiwe nyepesi kuliko ile ya kimo cha mita 2,400 hivi. Basi la Eldoret likifika Timboroa liko zaidi ya mita 2,700, na hakuna wa kukushikilia hewa. Isitoshe, abiria wa ndege hushuka akatua chini. Wewe unafika nyumbani ukalala palepale juu. Treni ya Mombasa hadi Nairobi nayo inakupandisha yapata mita 1,600 kwa mchana mmoja. Usafiri wowote ule, mlima ni uleule.

Basi, mambo ya kufanya kabla hujatoka nyumbani.

Jifunze kuogelea. Nilikua nikichapwa kwa kukaribia mto Sosiani, kwa hiyo nilijifunza nikiwa na miaka thelathini na tisa, katika bwawa la hoteli mjini, saa kumi na mbili asubuhi, maji yakiwa baridi ya kukata meno. Kozi ya mwanzo inataka uogelee mita 200 bila haraka na uelee dakika 10. Hakuna anayekupima kasi. Masomo ya nadharia yamalizie nyumbani kwa intaneti, usije ukakaa darasani huku bahari iko mlangoni. Kuna pia fomu ya afya: ukiwa na pumu, shida ya moyo au ya masikio, daktari lazima atie sahihi. Ipeleke kwa daktari wako wa Eldoret mapema, maana Jumapili asubuhi Watamu utamtafuta wapi?

Kozi yenyewe huchukua siku tatu au nne, na inakuruhusu kushuka hadi mita 18. Asiye na cheti anaweza kuonja mbizi akiwa ameshikwa na mwalimu, asizidi mita 12. Anza na hiyo kama huna hakika.

Mafua ni adui kuliko papa. Mwaka wa pili nilitoka na kikohozi cha baridi ya kwetu, nikadhani joto la pwani litakitibu. Mita tatu tu chini, sikio la kushoto likaniambia nirudi. Ukiwa mzima, unabana pua na kupuliza taratibu, unaanza mapema na kurudia kila baada ya hatua ndogo, kabla maumivu hayajaja. Ukiwa na mafua njia zimeziba, na hakuna ujasiri unaozizibua. Siku hiyo nilikaa mashuani nikila maembe yenye pilipili.

Kuhusu majira: nenda wakati wa kaskazi. Kuanzia Oktoba hadi Machi bahari hutulia na maji huwa maangavu, na ndio msimu ambao wenye bahati humwona papa shilingi, lile pandikizi la samaki lenye madoa kama sarafu, lisilo na haja na nyama yako. Kusi ikishika, hasa Mei na Juni, vituo vingi hufunga. Malindi wakati wa mvua bahari hugeuka nyekundu kwa udongo unaoletwa na mto Sabaki kutoka bara. (Si udongo wetu. Maji ya Sosiani hufika mto Nzoia, na Nzoia huishia Ziwa Victoria.)

Halafu uliza mwezi. Si mwezi wa kalenda, wa mbinguni. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, mkondo unakuwa na nguvu na mchanga unatibuliwa. Katikati yake ni maji mafu, na mgeni kama mimi hujifunza vizuri siku hizo. Nahodha mmoja mzee alinicheka nilipomwuliza utabiri wa simu yangu unasemaje. Akanyoosha kidole juu.

Ada ya mbuga ya bahari hulipwa shirika la wanyamapori, KWS, kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen. Beba kitambulisho, la sivyo utatozwa kama mtalii wa ng'ambo.

Mbuga za bahari za Watamu na Malindi zilitengwa mwaka 1968, na wazee wa pale wanakumbuka mwamba wenye rangi kuliko ninaouona mimi. Mwaka 1998 joto la El Niño lilipausha matumbawe ya pwani yetu na mengi yakafa. Kuna sehemu zimerudi, kuna sehemu bado ni mifupa. Tumbawe ni mnyama, tena mdogo, na kumgusa kwa pezi la mguu ni kufuta kazi ya miaka. Kwa hiyo jambo la kufanyia mazoezi zaidi ni kuelea bila kupapatika, mikono ikiwa imefumbatwa kifuani. Ukitulia, watakuja: pono akitafuna jiwe hadi usikie anavyosaga, kasa akipita bila kukutazama, taa akijifunika mchanga.

Mpwa wangu aliye Marekani hunitumia picha za Karibi na kuniuliza nitakwenda lini. Maji ya kule ni mazuri, siyabishii. Ila kule wanamwinda yule samaki aitwaye simba, mwenye mapezi kama manyoya ya jogoo, kwa sababu ni mvamizi anayemaliza samaki wao. Asili yake ni bahari hizi za huku. Mimi humwona kwao, chini ya jiwe lake, akiwa na heshima zake.

Siku kavu ya mwisho usiionee uchungu. Mimi huipeleka Gede, mji wa mawe ulioachwa katika karne ya 17, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024. Jioni naenda hori ya Mida kutazama ndege wakirudi mikokoni. Kesho yake nanunua pakiti ya krispi za muhogo, napanda basi.

Krispi hizo huwa sifungui. Naziweka mapajani. Naivasha zimeshaanza kuvimba, Nakuru zinalegea kidogo, na tukifika Timboroa usiku wa manane pakiti imekaza kama ngoma. Mwaka jana mtoto wa jirani yangu wa kiti aliibonyeza kwa kidole, ikapasuka paa! Basi zima likaamka, na dereva akauliza ni tairi la upande gani.