Uzito na Mahali pa Uzito katika Chombo cha Tanga

Tarehe 14 Juni 1968, baharia Mwingereza Robin Knox-Johnston aling'oa nanga Falmouth, Uingereza, akiwa peke yake katika *Suhaili*, chombo cha tanga chenye urefu wa meta 10 hivi, kilichoundwa Bombay. Alirejea baada ya siku 312, mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa tanga, peke yake, bila kutua bandarini.

Je, chombo kidogo hivyo hubebaje mahitaji ya miezi kumi? Tukadirie maji peke yake. Mtu atumiaye lita 3 kwa siku atahitaji lita 936, yaani karibu tani moja! Mvua humpunguzia baharia shehena hiyo. Naye Knox-Johnston ilimfaa zaidi, maana matangi yake yalichafuka safarini.

Sasa tuchukue chombo ambacho eneo lake kwenye usawa wa maji ni meta za mraba 8. Kwa kanuni ya Archimedes, ili kizame sentimeta 1 zaidi, lazima kisukume meta za ujazo 0.08 za maji ya bahari, ambazo ni kilo 82. Kwa hiyo maji yetu yatakizamisha sentimeta 11 na ushei.

Lakini kiasi cha mzigo ni nusu tu ya hesabu. Ikiwa chombo na shehena ni kilo 3,000, na kilo 150 zikahamishwa kutoka ngamani hadi meta 1.2 juu, kitovu cha uzito kitapanda kwa 150 × 1.2 ÷ 3,000, yaani sentimeta 6. Si haba, kwani nguvu ya chombo kujiinua kinapolala upande hutegemea masafa ambayo katika vyombo vidogo huweza kuwa chini ya meta moja. Ndiyo maana manahodha wetu huweka farumi chini kabisa, tena huikaza isihame.

Jambo ambalo wanafunzi wangu hulisahau ni omo na tezi. Mzigo ulio meta 4 kutoka katikati huzuia mnyanyuko wa chombo mara 16 kuliko ulio meta 1, kwa kuwa umbali huzidishwa kwa wenyewe. Omo iliyolemewa huchelewa kuinuka, na wimbi lifuatalo huingia ndani.

Mwalimu aweza kulionyesha hili kwa beseni la maji, kifuu cha nazi na mchanga. Mchanga utiwe kwanza ndani ya kifuu. Kisha uzito uleule ufungwe juu ya kijiti kilichosimikwa katikati, na kifuu kisukumwe kidogo.