Kinanda cha Umeme na Wapigaji Wake

Katika somo hili twajifunza habari za kinanda cha umeme kiitwacho Hammond. Shikeni neno hili tangu mwanzo: fundi hukitengeneza chombo, lakini mpigaji ndiye aivumbuaye sauti yake.

1. Jinsi kifanyavyo kazi.

Laurens Hammond wa Marekani alikuwa mtengenezaji wa saa za umeme, wala hakuwa mpiga kinanda. Mwaka 1934 alipewa hati ya uvumbuzi wake, na mwaka 1935 kinanda kilionyeshwa kwa watu. Ndani yake hamna mabomba wala mivukuto. Katika aina ijulikanayo sana, B-3, sauti hutoka katika magurudumu madogo ya chuma 91. Ukingo wa gurudumu una mawimbi. Nalo huzunguka mbele ya sumaku iliyozungushiwa waya. Kila wimbi lipitapo, umeme hutetemeka katika waya, na kipaza sauti hugeuza tetemeko hilo kuwa sauti. Mawimbi yakipita upesi, sauti huwa nyembamba. Yakipita polepole, huwa nene. Mpigaji huzichanganya sauti hizo kwa vijiti 9 vya kuvuta, kama mpishi apimavyo viungo vya mchuzi.

2. Jinsi kilivyoshitakiwa.

Wauzaji walitangaza ya kuwa kinanda hiki chaweza kufanya yote yafanywayo na kinanda kikubwa cha mabomba. Halmashauri ya serikali ya Marekani iangaliayo biashara ikawashitaki. Mwaka 1937 vinanda vyote viwili vilijaribiwa katika Rockefeller Chapel, Chicago, bila wasikilizaji kuona ni kipi kipigwacho. Hata wajuzi walikosea mara nyingi. Lakini mwaka 1938 halmashauri iliamuru wauzaji waache majivuno yale. Basi, kama kisingekuwa na kazi ila kuiga mabomba, kingebaki mwigaji tu.

3. Jinsi kilivyopata sauti yake.

Kwa kuwa bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya mabomba, makanisa yasiyo na mali nyingi yaliweza kukinunua. Mwaka 1939 Kenneth Morris alianza kukipiga katika First Church of Deliverance, kanisa la Wamarekani weusi katika Chicago. Katika makanisa kama hilo kinanda hakikushindana na mabomba. Kilimwitikia mhubiri, aliponena polepole kilinong'ona, na alipopaza sauti kilipanda pamoja naye.

Tena, kidole kigusapo kibao, husikika mlio mdogo kama wa kijiti kivunjikacho. Mafundi waliuhesabu kuwa kasoro. Wapigaji wakaupenda, kwa maana uliupa wimbo mwanzo mkali kama wa ngoma. Vivyo hivyo Donald Leslie alitengeneza kipaza sauti kizungukacho, kiifanyacho sauti kutetemeka. Hammond hakukipenda, lakini wapigaji walikinunua.

4. Bidii ya mpigaji.

Jimmy Smith alikuwa mpiga piano kabla ya kukigeukia kinanda hiki. Alikiweka katika ghala huko Philadelphia, akajifunza peke yake muda wa miezi mingi. Ukutani alitundika picha ya vikanyagio, ili miguu ijifunze njia bila macho kuinama. Mwaka 1956 alianza kutoa sahani za santuri, na wapigaji wengi wa jazi wakamfuata.

Vinanda vya magurudumu viliacha kutengenezwa katika miaka ya 1970. Vya leo hutumia kompyuta. Na tazama, mafundi hujitaabisha kuuiga hata ule mlio mdogo ulioitwa kasoro!

Basi, usharika wenye kinanda kidogo usikidharau kwa kuwa si kikubwa. Kwanza mpeni mpigaji nafasi ya kujifunza, naye asiulize, "Kwa nini hakilii kama kile?" bali, "Hiki chaweza kuusaidiaje wimbo wetu?"

Maswali:
1. Sauti hutokaje katika gurudumu?
2. Kwa nini wauzaji walishitakiwa?
3. Ni kasoro gani iliyogeuka kuwa uzuri, na kwa mikono ya nani?